Futi Tisa kwa Kumi

Muscat,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Sharif,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kifua hakikusumbui tena kwa vumbi la mbao. Mimi sijambo. Joto la huku bado halijapungua. Tukitoka dukani mchana lami inanata viatuni. Tumeletewa mashine mbili mpya za kudarizi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha wasichana wageni. Msalimie Mzee Mwarandu jirani yetu na watu wake wote. Mwambie dawa yake ya macho nimeipata.

Barua anakuletea Mercyline, mwenzangu wa kazi, kwao Changamwe. Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu wewe u mtamu wa maneno, nami nikisikia sauti yako najikuta nimeshakubali jambo nisilolikusudia. Kwa hili sitaki kukubali lolote. Usinipigie. Niandikie.

Sasa sikiliza. Inshallah narudi baada ya Idi, na nikirudi sitoki tena. Nyumba hiyo ya Bofu nimeijenga kwa miaka kumi na sita ya kuinamia cherehani, na ukijumlisha likizo zangu zote sijalala ndani yake miezi mitatu. Nataka chumba cha nguo. Sisemi kabati. Nasema chumba, unaingia, unafunga mlango, nguo zimekuzunguka kulia na kushoto. Nimewashonea nguo wanawake wenye vyumba hivyo hadi vidole vimepinda.

Kitakuwa kile chumba kinachopakana na changu. Kama sikosei ni futi tisa kwa kumi. Toboa mlango kwenye ukuta wa chumbani kwangu. Mlango wa zamani wa ukumbini uuzibe kwa matofali. Dirisha nalo lizibe, jua lisinififishie nguo. Mahali pake patakaa kioo cha kunitosha kichwa hadi nyayo.

Nilinyamaza kwa sababu ya eda. Nimehesabu miezi minne na siku kumi tangu Baba azikwe, nayo imekwisha Jumapili iliyopita. Chumba kiwe kitupu kabla Oktoba haijaisha.

Dadako,
Mwanatatu


Bofu, Likoni,
6 Oktoba 2024

Dada yangu Mwanatatu,

Shikamoo. Waalaykum salaam warahmatullah. Barua imenifikia, na Mercyline nimemkaribisha chai ya mahamri, akasifu nyumba yako mpaka nikaona haya kwa niaba yako. Huku tu wazima. Mzee Mwarandu anakusalimu sana, binti yake wa mwisho amejifungua mapacha. Minazi miwili ya nyuma imeliwa na mdudu, nimeikata. Kazi ninayo: milango minane ya nyumba moja kule Mtongwe.

Nimepima. Urefu ni futi kumi kasoro inchi mbili, upana futi tisa barabara. Ukuta wa kushoto una tumbo, fundi wa wakati ule hakutumia timazi. Linarekebishika.

Lakini, dada, unajua ni nani analala humo. Ndimo walimolala Baba na Mama Nadira aliyenilea, na sasa analala yeye peke yake na magoti yake yanayouma. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala tu, nami naishi kile cha uani ambacho mvua ikinyesha nahamisha godoro. Nimefikiri njia tatu. Ya kwanza, chumba chako ni kikubwa, futi kumi na nne. Nikikata futi tano kwa mbao upande mmoja, utapata chumba cha nguo kizuri na nafasi ya kitanda itabaki. Ya pili, stoo ya jikoni tuipanue. Ya tatu, tujenge kipya kwa nje, pale palipokuwa na minazi.

Niambie ipi uipendayo nami nitaanza siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Sharif


Muscat,
30 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sharif,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Hongera kwa Mzee Mwarandu, nitawaletea mapacha nguo. Milango ya Mtongwe nayo hongera.

Njia zako tatu nimezisoma mara moja, sikuzirudia. Chumba changu hakikatwi. Stoo ina harufu ya samaki. Nje sijengi. Mke wa Baba nilikuwa sijakuuliza habari zake, na ukiniandikia tena usiniandikie jina lake. Ana kwao Jomvu Kuu, ana kaka, kwao kuna nyumba. Hajaokotwa njiani.

Andika vipimo hivi ukutani kwa kalamu yako ya fundi. Kina cha kila upande futi mbili, maana henga yenye buibui inataka inchi ishirini na mbili, mbili zilizobaki nguo zipumue. Njia ya katikati inabaki futi tano. Ukuta wa kulia, futi zote kumi, bomba moja juu la kutundikia nguo ndefu. Toka bomba hadi chini futi tano na nusu, madera yasiguse sakafu. Ukuta wa kushoto, mabomba mawili ya nguo fupi, moja juu ya jingine, kisha droo sita za leso na mitandio. Juu kabisa rafu ya masanduku.

Mbao ziwe mvule. Nguo zangu hazikai juu ya mbao za maboksi.

Dadako,
Mwanatatu


Bofu,
8 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi tumekuwa na mvua za vuli nyingi, Likoni nzima ni matope, na stima ilikatika siku tatu. Samahani kwa kuchelewa. Mvule wenyewe ulikuwa shida kupatikana, nikaufuata hadi Kisauni.

Kazi inakwenda vizuri. Chumba ni kitupu kama ulivyotaka. Mlango wa chumbani kwako nimeutoboa na fremu imekaa. Ukuta wa kulia nimeumaliza wote, ukiuona utafurahi, viungo vyake havipitishi hata wembe. Ukuta wa kushoto nimeanzia mlangoni: droo na rafu, futi tatu na inchi nne. Futi sita na nusu zilizobaki nimeziacha wazi kwanza, kwa sababu ya lile tumbo la ukuta, na hapo kina nimekipa futi tatu badala ya mbili. Utakuja kuamua mwenyewe unataka nini pale. Juu yake hakuna rafu.

Dirisha nimeliacha kwa sasa. Hewa ya Likoni unaijua, chumba kisichopumua nguo zitashika ukungu. Na mlango wa ukumbini sijauziba, napitishia mbao.

Mzee Mwarandu anakusalimu. Anauliza dawa.

Wako,
Sharif


Muscat,
Ijumaa, 3 Januari 2025

Sharif,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima. Dawa ya Mzee anakuja nayo huyo huyo mwenye barua hii.

Mimi ni fundi kama wewe. Wewe wakata mbao, mimi nakata kitambaa, na kazi yetu sote ni kujua kipimo ni cha nini. Ulifikiri nitasoma futi sita na nusu kwa futi tatu, bila rafu juu, chini ya dirisha, karibu na mlango wa ukumbini, nisijue ni nini? Hicho ni kitanda. Amelala humo hadi leo, na wewe umenijengea kumzunguka. Umeniambia chumba ni kitupu. Umenidanganya kwa karatasi, na ndiyo maana nilitaka karatasi.

Hujaniuliza kwa nini. Labda unaogopa jibu. Basi nakupa.

Mama yetu alipokufa wewe ulikuwa na mwaka mmoja na miezi, mimi miaka kumi. Alikuwa na leso pea kumi na moja, na moja kati ya hizo ni kisutu alichoolewa nacho. Zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari chumbani, nami kila nikitoka chuo cha Kurani nilikuwa naingia na kuweka uso ndani yake. Zilinukia udi na jasho lake. Mwaka mmoja zilikaa hivyo. Kisha akaja yeye.

Siku ya tatu baada ya harusi yao aliniita. Akashusha kile kisutu, akakitia meno pembeni, akakirarua kati. Akasema, "Nusu hii ya kupigia deki, nusu hii ya masufuria. Haya, chukua ndoo." Nilimwambia ni ya mama. Akasema, "Mama gani? Mama ni mimi." Nilipiga deki nyumba nzima kwa kisutu cha mama yangu. Si siku moja, Sharif. Kila asubuhi, mpaka kikawa nyuzi. Rangi nyekundu ilikuwa ikitoka kwenye ndoo, namwaga uani. Kila nilipokamua nilijua nakamua nini.

Wewe humjui mama. Ulipopata akili, mama ulikuwa naye mwingine. Sikulaumu. Lakini usiniambie magoti.

Mahali alipolala miaka yote hii ndani ya nyumba yangu, nataka nguo zikae. Kitanda kitoke.

Mwanatatu


Bofu,
26 Januari 2025

Dada Mwanatatu,

Shikamoo. Ni mzima, alhamdulillah. Mzee Mwarandu amepata dawa, anakuombea.

Ni kweli nilikudanganya. Niombee radhi kwa Mola, na wewe nisamehe ukiweza.

Barua yako nimemsomea. Sikukusudia, ila alinikuta nimeikalia uani na machozi yananitoka, akauliza, "Ya Mwanatatu hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nisomee. Yote, usiruke." Nikafika kwenye kisutu, nikaruka. Akanishika mkono. "Umeruka," akasema. "Nimekwambia yote." Nikarudi, nikasoma.

Nilitaraji akane. Wallahi, nilikuwa naomba moyoni akane, nipate kukuandikia kwamba ulikuwa mtoto, umesahau. Akasema, "Yuasema kweli. Hakuongeza neno."

Nikamuuliza kwa nini.

"Naliingia nyumba ya watu nina miaka ishirini na sita, kila msumari una nguo ya mke mwingine. Nikalala chini yake usiku wa harusi yangu. Namwambia babako azitoe, yeye azitazama tu. Naliona wivu na maiti. Na maiti hapigiki, nikampiga aliyefanana naye."

"Na zile nyingine?" nikamuuliza.

"Nyingine nilikubebea wewe mgongoni hata zikaisha."

Kisha akaniambia nivute sanduku lake chini ya kitanda. Nilimkatalia. Akasema nisipolivuta atalivuta mwenyewe na magoti hayo hayo. Kesho yake kaka yake akaja na tuktuk kutoka Jomvu Kuu. Hakuniachia salamu zako wala radhi. Alisema tu, "Mwambie chumba ni kitupu, na mara hii si urongo."

Nina swali moja, dada. Baba alikuwapo. Uliwahi kuniambia, wakati wa msiba, kwamba ulipokuwa mtoto ukipiga deki Baba akiinua miguu yake upite chini. Sikujua ulikuwa ukipigia nini. Sasa nimejua. Kisutu alikitambua, alikinunua yeye. Umemjengea nyumba, ukamtibu, ukamlilia. Mbona yeye hukumwandikia barua kama hii alipokuwa hai?

Sharif


Muscat,
10 Februari 2025

Sharif,

Assalaam alaykum. Ni mzima.

Baba usimtaje.

Maliza ukuta wa kushoto. Kina futi mbili, kama nilivyosema. Ziba dirisha. Ziba mlango wa ukumbini. Nafika tarehe 8 Aprili.

Mwanatatu


Bofu,
15 Machi 2025

Chumba: futi tisa kwa futi tisa na inchi kumi.
Ukuta wa kulia: bomba moja, toka bomba hadi sakafu futi tano na nusu.
Ukuta wa kushoto: mabomba mawili, droo sita, kina futi mbili. Tumbo la ukuta limechongwa.
Rafu ya masanduku: pande zote mbili.
Dirisha: limezibwa. Kioo futi sita kwa mbili na nusu.
Mlango wa ukumbini: umezibwa na kupakwa plasta.
Mbao: mvule, kote.

Funguo ziko kwa Mzee Mwarandu. Mimi nimehamia Jomvu Kuu.

Sharif


Bofu,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mdogo wangu Sharif,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, basi naandika. Barua anakuletea mjukuu wa Mzee Mwarandu. Mapacha wamekua, nguo nilizowaletea haziwatoshi hata moja. Nami nimefika salama, ingawa mwezi wa Ramadhani wote hukuniandikia hata neno la heri.

Chumba nimekiona. Sijawahi kuona kazi kama ile, na nimeingia nyumba za matajiri. Nimepapasa kila kiungo nikitafuta kosa nikutukanie, sikupata. Nguo zote zimeenea, na nafasi imebaki.

Jumatano nilikwenda Jomvu Kuu. Najua unajua, maana niliona ndara zako mlangoni, na nilipotoka sikuziona. Ulitoka kwa mlango wa nyuma uliponisikia, ukazunguka kuzichukua. Basi nitakueleza yaliyopita, kwa kuwa hukutaka kuyasikia.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mchele. Wake za kaka yake walikuwa pale. Nilikuwa na maneno, Sharif. Nimeyatunga miaka thelathini na moja, nikiendesha cherehani nayasema. Nilisimama nikasema, "Nimekuja nikuone ukiwa kwa watu."

Akasema, "Karibu unione."

Nikamwambia mbele ya wale wanawake alichonifanyia, tangu kisutu hadi ndoo. Waliacha kazi zao wakamtazama. Hakuinamisha kichwa. Aliposikia nimemaliza, akasema, "Nalifanya. Sitakuomba radhi hapa ili upate kuninyima. Wewe umenitoa chumbani mwangu, nami nalikutoa kwa mamako. Mimi nimeshalipwa. Wewe je, umeshapata chako?"

Nilitoka.

Nisikufiche, nilifurahi. Usidhani nilijuta pale pale. Nilifurahi kwa kuwa wale wanawake wamesikia, na kuanzia siku hiyo kila atakayempa kikombe cha maji atakumbuka. Furaha hiyo nilikwenda nayo toka Jomvu hadi mjini, nikapanda nayo feri. Kabla feri haijagusa Likoni ikaniisha. Nimeitafuta tangu siku ile, haipo. Miaka thelathini na moja nimeilea, ikadumu saa moja na nusu.

Swali lako la Januari nilikukataza. Sasa nitakujibu. Baba sikumwandikia kwa sababu niliogopa atasema kisutu alikitambua.

Humu ndani mimi ni peke yangu. Naamka, nafungua mlango wa chumba cha nguo, nachagua, navaa, natoka, sina pa kwenda. Msumeno wako mkubwa umeusahau uani chini ya mabati. Mzee Mwarandu ametaka kukuletea, nimemkatalia. Simpi mtu. Njoo uuchukue mwenyewe. Mimi siku zote nipo.

Dadako,
Mwanatatu


Jomvu Kuu,
19 Mei 2025

Dada yangu Mwanatatu,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Barua yako ilinifikia siku ile ile, kuchelewa kujibu ni kwangu mimi. Natumai u mzima. Huku mvua za masika zimetushika, ila hatujambo. Magoti ya Mama yamepata nafuu kidogo, anafika msikitini kwa mkongojo. Yule mke mdogo wa kaka yake hasemi naye tangu siku uliyokuja. Mama hakunituma salamu, nami sitazitunga.

Nakupa habari kwamba Ijumaa iliyopita nimeoa. Ni binti wa hapa hapa, jina lake Amina. Haikuwa karamu kubwa. Mama ndiye aliyekaa mahali pa mzazi, akamtandikia bibi harusi leso mpya kuanzia mlangoni hadi kitandani. Watu waliuliza kama sina ndugu. Nikasema ninaye dada, yuko ng'ambo.

Nimefurahi kwamba chumba kimekuridhisha. Kioo usikifute kwa maji ya chumvi, kitaliwa pembeni.

Kuhusu msumeno, mpe Mzee Mwarandu au yeyote mwenye haja nao. Mimi nimeshanunua mwingine.

Mdogo wako,
Sharif